Gari Lililopanda Mlima kwa Mkia

Mpaka leo mtu akiniuliza gari huendaje, nitamwambia sijui na sitaki kujua. Hayo machache ninayoyajua niliyajua asubuhi moja ya mvua, nimesimama kwenye tope karibu na Kianjokoma, viatu vyangu vya kanisani mkononi, macho yangu kwenye magurudumu ya gari la ndugu yangu. Ya mbele yalikuwa yanazunguka kama yamepandwa na wazimu, yanarusha udongo mwekundu mpaka kwenye sketi yangu. Ya nyuma yalikuwa yametulia tuli. Nikainama, nikatazama tena, maana nilidhani macho yangu ndiyo yana kasoro.

"Wewe!" nikampigia kelele. "Mbona ya nyuma yamelala?"

Ndugu yangu akatoa kichwa dirishani, akanitazama, akakirudisha ndani bila neno. Hapo ndipo roho yangu ilipopanda juu, kwa sababu huyo ndugu yangu nimemlea mwenyewe mgongoni, na tangu ajue kuongea sijawahi kumwona akikosa la kusema.

Ngoja nieleze tulifikaje pale, maana sikuwa nimetoka kwetu Githongo kwenda kucheza na matope ya watu wa Embu.

Ndugu yangu aliuza dawa za mifugo. Alizunguka masoko yote, kuanzia Nchiru mpaka Chuka, akivuka kuingia Embu, na dawa za kupe na za minyoo zikigongana nyuma ya gari. Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni ya Kijapani, kuukuu, rangi yake ilishakuwa ya chai iliyozidi maziwa. Lakini lilikuwa na sifa moja. Kando ya gia kulikuwa na kimkono kidogo. Ukikivuta, magurudumu yote manne yanavuta pamoja, na pale ambapo magari ya wenzako yamekwama wewe unapita ukiwapungia mkono. Mlango wa nyuma ulibandikwa herufi za kung'aa, 4WD, na ndugu yangu alizipangusa kila Jumapili kabla hata hajajipangusa viatu.

Miaka hiyo ya tisini kahawa ilikuwa imetuchezea vibaya. Mtu anachuma, anapeleka kiwandani, anangoja mpaka anachoka kungoja. Kwa hiyo kijana mwenye gari linalopanda mlima wakati wa mvua alikuwa mtu. Alibeba wagonjwa, alibeba maharusi, alibeba na maiti. Na sisi wa kwao tulitembea vifua mbele, kana kwamba sisi ndio tuliolitengeneza.

Basi akapata msichana Kianjokoma, mwalimu wa watoto wa nasari, mpole, mwenye kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Tatizo halikuwa msichana. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee huyo alikuwa mkulima wa majani chai, na boma lake liko juu ya mlima ambao, nakwambia, mbuzi mwenyewe angefikiria mara mbili. Kabla ya ndugu yangu kulikuwa na kijana mwingine aliyekuja kuposa. Watu wake walifika chini ya mlima, wakakuta kumenyesha, wakatuma neno kwamba barabara imewashinda, wazee washuke wakutane nao hotelini sokoni. Mzee akajibu kwamba msichana wake si mandazi ya kuchukuliwa hotelini. Wakarudi kwao na kondoo wao, na habari ikaishia hapo. Kuanzia siku hiyo akaweka sheria yake: anayemtaka binti huyu atapanda mlima na gari na vitu vyake, mpaka langoni, na hakuna mtu wa upande wa msichana atakayesukuma gari. Alisema watu wake wakisukuma gari la mposaji itakuwa wamejiposea wenyewe.

Ndugu yangu alimpenda huyo msichana vibaya sana. Hakula vizuri, hakulala vizuri, alikuwa akitajiwa Embu anatabasamu peke yake kama mjinga. Na mzee naye alimkubali kwa sababu moja tu ambayo tuliisikia mpaka tukaichoka. Mvua za mwezi wa nne mwaka huohuo, mama ya msichana alikuwa ametoka hospitali Embu mjini, amefanyiwa upasuaji wa tumbo. Magari yote yaliwashusha watu sokoni, hakuna aliyethubutu mlima. Ndugu yangu akampakia huyo mama pamoja na binti yake akampandisha mpaka nyumbani. Mzee alikuwa jikoni akichochea moto, mvua inapiga mabati kiasi kwamba hasikii kitu, akatoka akakuta gari limesimama langoni na mke wake amefika. Alilizunguka gari lile, akazisoma herufi za nyuma, na kutoka siku hiyo akawa anawaambia watu sokoni: "Yule kijana wa gari ya miguu minne, huyo ndiye mwanaume."

Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja tukaitwa kupeleka ruracio, yaani mahari na maneno yake. Tuliondoka Githongo alfajiri. Ndugu yangu kwenye usukani, mimi kando yake, na nyuma yetu wakaketi mama na baba mdogo, ndugu ya marehemu baba, ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu. Baba mdogo alipewa kazi hiyo kwa sababu anaweza kukuuzia shamba lako mwenyewe na ukamshukuru. Nyuma kabisa, kwenye mizigo, kulikuwa na kreti za soda, mtungi wa asali, magunia ya sukari, kifungu cha miraa ya heshima kilichofungwa kwa majani ya mgomba kama tunavyofunga sisi Wameru, na kondoo dume aliyenona mpaka anatembea kwa shida. Kondoo huyo mama alikuwa amemfuga miezi mingi nyuma ya jiko, akiwa amefungwa kwenye bomba moja nene la chuma ambalo ndugu yangu alimletea na kumchimbia ardhini. Kumbuka hilo bomba.

Njia yote mpaka Runyenjes ilikuwa lami na hadithi. Baba mdogo alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake, jinsi atakavyosema tumepotelewa na mwanakondoo na nyayo zimeingia boma hili. Tulipoacha lami mvua ilikuwa imeshanyesha usiku na bado inanyunya. Mimi sikuogopa hata kidogo. Ningeogopa nini? Tulikuwa na gari la miguu minne.

Chini ya mlima ndugu yangu akasimamisha gari, akapumua, akakivuta kile kimkono. Nilimwona akikivuta. Akaweka gia ya kwanza, tukaondoka na moto. Tukafika kama robo ya mlima, gari likaanza kukohoa na kucheza kando kando, likasimama, likarudi chini pole pole. Akajaribu tena. Tukafika palepale. Mara ya tatu nikashuka nitie mawe chini ya magurudumu, na hapo ndipo nilipoona yale niliyokwambia.

"Vuta kile kimkono cha nne!" nikamwambia.

"Nimevuta."

"Basi vuta tena! Ya nyuma hayazunguki, mimi si kipofu!"

Akazima injini. Mvua ikasikika. Juu kabisa, kupitia ukungu, niliona miavuli imejipanga langoni kwa mzee. Walikuwa wameshatusikia, na walikuwa wanatutazama.

Ndugu yangu akasema, akiwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na macho yake chini, "Hakuna ya nyuma. Nilitoa."

"Ulitoa nini?" akauliza baba mdogo kutoka nyuma.

"Propela. Ile inapitia chini ya gari kupeleka nguvu nyuma. Na hafu-shafti, zile za kuzungusha magurudumu."

Haki ya Mungu, nilihisi kama mtu amenimwagia ndoo ya maji shingoni. Nilisimama pale mdomo wazi, mvua ikiniingia.

Maneno yakaanza kumtoka sasa, kwa haraka, kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni. Difu ya nyuma, lile boksi la gia kati ya magurudumu, ilikufa mwezi wa pili. Ilikuwa inalia njia nzima mpaka ng'ombe wanageuka. Akatafuta nyingine Meru mjini, bei yake ni ya ng'ombe wa maziwa, na hiyo pesa alikuwa ameiweka kwa ajili ya siku kama hii. Fundi akamwambia asisumbuke, atamtolea vitu vyote vya nyuma, gari liende kwa magurudumu ya mbele tu, na hata petroli itapungua. Wakatoa ile propela, wakakikata kichwa chake, wakakirudisha kwenye tundu la giaboksi ili oili isimwagike. Zile hafu-shafti wakazikata pia, wakaacha vipande vya mwisho ndani ya magurudumu, kwa sababu ukivitoa hivyo beringi zinaachana na gurudumu linaweza kukuaga barabarani. Kazi ya siku moja, rahisi kama kunywa uji. Ule mkono wa kuvuta ukabaki mahali pake, unavuta hewa.

"Na zile herufi za nyuma?" nikauliza. "Zile unazopangusa kila Jumapili?"

"Nizibandue nimwambie mzee nini? Anipendee nini tena?"

Nilitaka kumzaba kofi. Kweli kabisa, mtu mzima na shati lake jeupe la kuposea, nilitaka kumzaba. Miezi yote hiyo alikuwa anatuendesha juu na chini, anavuta mkono usio na kazi, na sisi tunampigia makofi!

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na hiyo propela sasa iko wapi?"

Ndugu yangu akaonyesha nyuma kwa kidole gumba. "Ni ile unafungia kondoo."

Tukageuka sote. Kondoo dume alikuwa nyuma ya kichwa cha baba mdogo, anacheua, hana habari. Miezi yote hiyo mama alikuwa anamfunga mnyama wa ruracio kwenye kitu kilekile ambacho kingetupandisha mlima, na tulikuwa tumekiacha Githongo kimesimama mavini. Mama akajifunika uso kwa leso. Mimi nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka.

Baba mdogo akatoa saa mfukoni, akaitazama, akatazama juu kwenye miavuli. "Kwa hiyo imeisha," akasema. "Tuwaite watusukume, tukataliwe. Ama turudi, tukataliwe."

"Tushuke tubebe," nikasema. "Mimi nitabeba sukari."

"Mzee alisema gari ifike langoni. Ulisikia mwenyewe walivyomfanya yule wa kwanza." Akamgeukia ndugu yangu. "Kijana, umejichimbia."

Ndugu yangu alikuwa mweupe kama unga. Nilimwona akitazama juu, mahali ambapo msichana wake alikuwa amengoja tangu alfajiri katika nguo mpya, na hasira yangu ikanitoka yote mara moja. Nikabaki na huruma tu. Nilijua kwamba tukigeuza gari pale, huyu ndugu yangu sitampata tena kama alivyokuwa.

Ndipo akasema, "Kuna njia moja. Lakini ni aibu."

"Aibu gani imebaki?" nikamuuliza.

"Nipande na rivasi."

Mama akaishusha leso, akamtazama.

"Mzigo wote uko nyuma," akaeleza. "Nikipanda na mdomo, mbele kunakuwa kwepesi, magurudumu yanakwaruza tu. Nikipanda na mkia, uzito wote unaangukia injini, na injini ndiyo iko juu ya magurudumu yanayovuta. Inapanda. Najua inapanda."

"Umejuaje?" akauliza baba mdogo.

Ndugu yangu alishaanza kulirudisha gari chini, akaligeuza pale kwenye daraja la mbao, akalielekeza mkia wake mlimani. Kisha akaniambia nirudi ndani nikae palepale mbele, na gunia la sukari akaniwekea miguuni.

"Nahitaji uzito huku mbele, dada."

"Unataka kusema mimi ni mzigo?"

"Leo, ndiyo."

Mungu anisamehe, nilicheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa muda.

Sijui kama umewahi kupanda mlima ukiangalia bondeni. Kila kitu kiko mahali pasipo pake. Injini inalia mbele yako na dunia inakukimbia. Mashamba ya chai yalikuwa yanashuka mbele ya kioo, daraja likawa dogo, sokoni kukawa mabati tu yanayong'aa, na mimi mgongo wangu unasukumwa kwenda mahali nisipopaona. Ndugu yangu hakuweza kuona kupitia kioo cha nyuma kwa sababu ya kondoo, kwa hiyo alitoa kichwa na bega lote dirishani, mvua ikimpiga, mkono mmoja kwenye usukani. Upande wangu kulikuwa na mfereji. Kila gari lilipocheza niliuona ule mfereji ukija kunisalimia. Mama alikuwa anasali Baba Yetu, akifika "utusamehe makosa yetu" anarudi mwanzo. Baba mdogo alikuwa anasema "pole pole, pole pole" na hakuna aliyekuwa anaenda haraka.

Lakini tulikuwa tunapanda! Yale magurudumu ya mbele, yaliyokuwa yanakwaruza kama kuku, sasa yalikuwa yanauma udongo. Tulipita mahali tulipokwama. Tukapita na kona.

Sasa wafikirie wale waliokuwa juu. Wazee wa watu, wamevaa makoti, wanangoja wageni wa heshima kutoka Meru. Wanasikia gari linapanda. Wanatokeza vichwa. Kinachotokea kwenye kona si mdomo wa gari, ni matako ya gari, yanakuja kwao, na kwenye kioo uso wa kwanza kuwatazama ni wa kondoo dume. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Wengine walidhani tumefika, tumewaona, tumeghairi na tunaondoka, isipokuwa gari lilikuwa linaondoka kuelekea kwao. Watoto walikuwa wanakimbia kando wakipiga kelele, "Inakuja na nyuma! Inakuja na nyuma!"

Tukasimama langoni. Lango lilikuwa limefunguliwa bawa moja tu, kama wanavyofanya kabla maneno hayajaanza. Nikaruka nje nikatia jiwe kwenye gurudumu, na nilipoinuka nikakutana uso kwa uso na mzee. Alikuwa mrefu, suti ya kijivu, bakora mkononi. Alikuwa ametoa macho pima. Akalitazama gari, akatutazama sisi tukishuka mmoja mmoja, ndugu yangu upande mmoja wa uso ukiwa umejaa tope.

"Hii ni nini?" mzee akauliza. "Mnakuja kwangu mkiwa mmenipa mgongo?"

Msichana alikuwa amesimama kwenye kibaraza, mikono mdomoni. Kisha baba mdogo akajikohoza, na nikajua yanakuja.

"Mzee wetu," akaanza, na sauti yake ikawa tamu kama ule mtungi wa asali, "kwetu Imenti, huko Meru, ni mila. Anayekuja kuchukua kitu cha thamani haji na mdomo, kama mwizi. Anakuja na mgongo, ili uso wake uwe tayari umeelekea nyumbani atakakompeleka bibi harusi."

Nakwambia sikuamini masikio yangu. Mila! Nimezaliwa Imenti, nimekulia Imenti, na mila hiyo ilizaliwa palepale langoni ikiwa bado na tope. Lakini wazee wawili walikuwa wameanza kutikisa vichwa kwa heshima, na mzee mwenyewe uso ulikuwa unalegea. Sekunde moja nyingine tungekuwa tumepita.

"Hapana," akasema mama.

Mwanamke hasemi pale. Kwao hasemi, na kwetu hasemi, mpaka wanaume wamalize. Mama yangu, ambaye hata kanisani hutangaza kwa kunong'ona, akapita mbele ya baba mdogo akasimama mbele ya mzee.

"Hakuna mila kama hiyo. Mimi sitamwozesha mtoto wangu kwa uongo, halafu huyu msichana aje kwangu aukute umekaa nyumbani. Gari haina miguu ya nyuma. Iliharibika, akaitoa ili apate kitu cha kuwaletea. Hakutuambia, na nyinyi hakuwaambia. Tumejua leo hapo chini. Kama mnatukataa, tukataeni na ukweli."

Baba mdogo akafumba macho. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Nilisikia miguno ikipita kutoka mwavuli mpaka mwavuli, kisha ikafa.

Mzee akamgeukia ndugu yangu. "Ulitoa lini?"

"Mwezi wa pili, mzee."

Nilimwona akihesabu. Nami nikaanza kuhesabu. Mwezi wa pili. Na mvua zile, na yule mama aliyetoka hospitali, zilikuwa za mwezi wa nne.

"Mwezi wa nne," mzee akasema pole pole, "ulimpandisha mke wangu huu mlima. Nyuzi ziko tumboni. Kwa miguu minne."

Ndugu yangu akatikisa kichwa kukataa.

"Alinipandisha hivi hivi."

Sauti ilitoka nyuma ya wazee. Mama ya msichana alikuwa ametoka jikoni, mwembamba, leso kichwani, mikono bado ina unga. Wakampisha njia. "Kinyumenyume," akasema. "Mlima wote nikiangalia sokoni. Hapa langoni akageuza, ndipo wewe ukatoka ukaikuta."

Mzee alimtazama mke wake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanakutana. "Ulijua?"

"Nilikuwa ndani ya gari."

"Na huyu?" Bakora ikaonyesha kibaraza.

Msichana akainamisha kichwa. Naye alikuwa ndani ya gari.

"Kwa hiyo nyinyi wote," mzee akasema, na sauti ikamkatika, "mmeniacha nikitembea sokoni miezi yote hii nikisifu miguu ambayo haiko?"

Hakuna aliyecheka. Mwanaume mzima alikuwa ameumia mbele ya watu, na lilikuwa jambo baya kulitazama. Kisha akamgeukia tena ndugu yangu, na sasa alikuwa na hasira ya kweli. "Na ungeteleza? Eh? Mke wangu na mtoto wangu ndani, mfereji hapo! Ungeteleza?"

"Ningeteleza tungekufa, mzee," ndugu yangu akasema. "Sikuwa na njia nyingine. Wengine walikuwa wanamwacha sokoni, kwa mvua."

Mama ya msichana akasogea karibu na mume wake. Hakupaza sauti, lakini pale langoni hata watoto walikuwa wamenyamaza, kwa hiyo tulimsikia sote.

"Nilimuuliza huyu kijana, hapo kwenye kona, kama anaogopa. Akaniambia, mama, ninaogopa sana. Nikamwambia basi twende. Wewe ungeniambia huogopi. Tangu tuoane hujawahi kuniambia unaogopa kitu, hata ile siku walinipeleka kunipasua ulikaa pale ukisema ni kitu kidogo, na mimi nikaingia huko ndani peke yangu na hofu yangu. Nilisema moyoni, msichana wangu aende na anayesema."

Mzee alisimama. Mvua ilikuwa inamwagika kutoka kwenye ukingo wa kofia yake hadi begani, na hakuna aliyekumbuka kumfunika. Nilidhani atatufukuza. Nilishaanza kutafuta kwa macho lile jiwe nililotia, nilitoe, tushuke.

Badala yake akaweka bakora kwapani, akaenda kwenye lango akalishika lile bawa lingine, ambalo lilikuwa limekwama kwenye majani, akalivuta kwa mikono yote miwili mpaka likafunguka. Akamwambia ndugu yangu, bila kumtazama, "Ingia kwa gari."

Ndugu yangu akaingia. Mzee akajisogeza katikati ya boma, kwenye matope, na suti yake, akainua mikono kama makanga anayerudisha basi stendi, akaanza kupunga vidole.

"Kuja," akasema. "Kuja. Kuja. Kata kidogo. Kuja, kuja."

Gari likaingia na mkia wake, kondoo akitazama mbele. Wazee walikuwa wamesimama midomo wazi, baba mdogo vilevile, na mimi sijui niseme nilikuwaje. Mzee akarudi nyuma hatua kwa hatua, sauti ikimtetemeka, mpaka gari lilipofika karibu na kibaraza. Akapiga kiganja kwenye zile herufi za 4WD.

"Hapo. Simama."

Kisha akaokota jiwe, akainama yeye mwenyewe akalitia chini ya gurudumu. Hakuinuka mara moja. Alibaki amechuchumaa pale, mkono kwenye tairi, na mke wake alipofika kumshika bega akamwambia kitu kwa Kiembu, chini kwa chini. Sikielewi sana Kiembu, lakini kinakaribiana na chetu, na neno lile ni moja.

Alisema aliogopa.